Nyundo ya Mgeni

Kwetu Yoba, mtaa wa Gitega, siku ya Idi, mama alikuwa anakaanga ini la mbuzi kwanza, kabla nyama nyingine haijaingia kwenye sufuria. Harufu yake naijua mpaka leo. Lakini ini lenyewe sikulionja. Alikuwa anakuja mtoto wa mama mkubwa kutoka Muyinga, rika langu, na mgeni hupewa kwanza. Nikinuna, mama ananiambia: «We iko kwenu, utakula siku yoyote.» Siku gani? Mbuzi tulichinja Idi tu!

Basi wivu ukaota. Tulifundishwa kazi ya chuma pamoja kwa baba yangu, halafu yeye akafungua karakana kubwa Muyinga, kwenye njia ya Tanzania, mi nikabaki na milango ya majirani. Hata kule kijijini Buraza, nilipoenda kufunga geti la duka, mwenye duka akaniuliza kama mi ni ndugu wa yule fundi wa Muyinga. Geti lile linalia mpaka leo, na lilie.

Nilikuwa nasema nini? Daraja. Mtoni, njia ya kutoka kwetu kwenda Muyinga, kulikuwa na upinde wa chuma wa zamani za Wabelgiji. Babu alisimulia misumari yake ilivyopigwa ikiwa bado nyekundu, watu wanarushiana kama viazi vya moto. Ulipochoka, miaka si mingi iliyopita, tukaitwa kujenga mwingine.

Upinde si meza. Meza inakanyaga chini tu. Upinde unasukuma kando, ndiyo maana miguu yake inakazwa kwenye mwamba. Unajengwa kutoka kila ng'ambo, kila nusu inavutwa nyuma na kamba za chuma ili isianguke, mpaka zikutane katikati, juu ya maji. Zikishaegemeana, kamba unatoa.

Enjenyeri akaweka watu wa Gitega huku, wa Muyinga kule. Mkubwa wa huku mi. Wa kule nani? Yeye, bila shaka. Mafundi tukakubaliana kwa adabu ya nyumbani: watakaofika katikati kwanza ni wenyeji, watakaofuata ni wageni, na mgeni ndiye anapiga pini ya mwisho.

Nyundo ile niliitaka kuliko mshahara. Nikapunguza mwendo. Kila buloni ya kuunganisha chuma naikaza, naifungua, naikaza tena. Natazama ng'ambo: na yeye amekaa juu ya chuma, anafuta miwani!

«Messieurs,» enjenyeri akapiga kelele, «munajenga daraja ao munangojana harusi?»

«Patron, chuma iko na moto!» tukajibu pande zote mbili.

Mwishowe wao wa Muyinga ndio walifika kwanza. Nililala nikicheka. Kipande cha mwisho kinaingizwa asubuhi, chuma ikiwa baridi, kwa sababu jua likiwaka nusu zote zinarefuka na nafasi inabana. Basi alfajiri, ukungu bado uko mtoni, tukakutana pale katikati. Kipande kikaingia, matundu yakalingana. Ndugu yangu akaninyoshea nyundo.

«Karibu, mgeni.»

«Leo nimekushinda, mwana wa mama mkubwa.»

«Hujanishinda. Mi nimechoka kuwa mgeni. Ini nilikula, ndiyo. Halafu jioni munanipakia gari ya Muyinga, mi yatima, na we unabaki na mama.»

Nikainua nyundo, nikapiga. Pini ikazama. Watu wakapiga vigelegele, na mi nikangoja utamu, haukuja. Nilipogeuka nimrudishie nyundo, alikuwa ameshavua glavu, anashuka upande wa Muyinga, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. Hata mgongo ule niliuonea wivu.

«Ndugu! Njoo tunywe chai!»

Akapunga mkono bila kugeuka. Gari zinapita pale kila siku. Kila Idi namwekea ini kwenye sahani, chini ya kifuniko. Hajarudi.