Mama Nje, Momanyi Ndani

Nyinyi mliokulia kwenye miteremko ya Kebirigo miaka yetu, makalio yenu bila shaka bado yanayakumbuka magome ya migomba. Mvua ikishalainisha udongo, tuliyakalia tukateleza hadi mtoni, kisha tukapanda tena tukicheka. Ijumaa tulibeba kinyesi cha ng'ombe kwenda kusiriba sakafu ya darasa. Jioni ilikuwa ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa hadi uchungu ukaisha. Watoto wa leo ukiwapa chinsaga wanauliza kama soseji zimekwisha.

Ndugu yangu Momanyi hakuteleza nasi. Hakusema neno, hakumtazama mtu usoni, na mvua ikipiga mabati alijigonga kichwa kwa ngumi. Hapo Mama aliketi kwenye kigoda akampa mgongo. Momanyi alibandika paji la uso katikati ya mabega ya Mama, naye akavuma wimbo wa kanisani huku akimenya ndizi. Mtoto alitulia tuli. Sisi wengine tulijua hapo hapasumbuliwi.

Lakini ukoo wetu ulikuwa na midomo! Mara amerogwa, mara hana upendo. "Shemeji, unajichosha bure," baba mdogo alikuwa akimwambia Mama. "Kwake wewe na nguzo ya nyumba ni kitu kimoja."

Ikafika Desemba ya jando lake. Kwetu mvulana akishatahiriwa hukaa kibandani wiki kadhaa, na mama mzazi haruhusiwi kumwona mpaka atoke. Mama, mjane, aliomba Momanyi aachwe auguzwe nyumbani. Baba mdogo alikataa katakata. Mimi dada yake ndiye niliyepeleka chakula, na nilikirudisha vilevile. Momanyi alijikunja kwenye kona, hali, hanywi, amelia mpaka sauti imekauka. Na wanaume wazima, wazee wa kanisa, wakaota jua pale nje wakisema, "Atazoea." Hata leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka.

Asubuhi moja Mama alitoka na kigoda chake na beseni la ndizi. Hakuingia kibandani wala hakuchungulia. Aliegemeza mgongo kwenye ukuta wa udongo, akaanza kumenya akivuma. Mimi nilikuwa ndani na kibuyu cha uji. Nilimwona Momanyi akiinua kichwa, akatambaa hadi kwenye ukuta ule, akabandika paji la uso palepale Mama alipoegemea. Baadaye kidogo akanywa uji wote. Huyo ndiye asiyemjua mamake!

Baba mdogo alikuja mbio akifoka kwamba mila imevunjwa.

"Kwani nimemwona?" Mama akamuuliza, kisu mkononi. Alikaa pale kila siku hadi mwanawe akatoka.

Siku hizi vijana hukaa jandoni na simu, wakitazama mpira na kuagiza chipsi. Hata hali ya Momanyi imepata jina, usonji, na watu hulitamka vizuri sana mikutanoni. Ninayatamani matope yale, na Mama akiwa na magoti mazima. Maana sasa amezeeka, na juzi jirani, msomi kabisa, alikuja kumshauri ampeleke Momanyi kwenye makao ya mbali ili yeye Mama apumzike. "Hatajua hata kama hupo," akasema.

Mama aliweka kikombe chini. "Kufa siogopi," akamwambia. "Naogopa kumwachia watu wanaosema hatajua."