Jani la Kangaga Shingoni mwa Chupa

Wanangu wakinisikia nikigusia habari za zile chupa hutazamana na kucheka, eti baba ameanza tena. Wacheke. Kazi ile niliifanya vizuri, na maadamu nina pumzi nitaisema.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika shamba la mzungu mmoja karibu na Kabazi. Homa ilikuwa imewaangusha wafanyakazi wengi, na mwenye shamba aliamini mbu wanazaliana vichakani. Alikwisha kufyeka upande wa juu wa mto. Sasa alitaka kufyeka na upande wa chini, uliokuwa bado na mikuyu na kivuli kizito. Kabla hajaanza akaja memsaab mmoja, mama wa kizungu mtaalamu wa mimea, kuchunguza kama kweli vichaka ndivyo vinavyoleta mbu. Yeye alihesabu aina za mimea kandokando ya kila dimbwi, mimi akaniajiri kuchota maji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: nachota pawa kumi kila dimbwi, viluwiluwi vyote vya mbu natia ndani ya chupa, naandika namba ya dimbwi kwenye karatasi, nampelekea mezani. Kusoma kwangu kuliishia kwenye namba, na hata hizo sikuziamini, maana karatasi ikilowa hazionekani. Basi nikafanya kama tulivyofanya Elburgon nilipokuwa kwenye kiwanda cha mbao. Kule kila rundo tulilifungia kipande cha gome la mti wake, ili hata chaki ikifutika ujue ni mbao gani. Nami palepale dimbwini kila chupa niliifunga shingoni, kwa uzi, jani la mmea ulioota ukingoni mwa dimbwi lake. Hakuna aliyeniagiza, na memsaab hakuuliza. Nadhani aliona ni mapambo.

Asubuhi moja akaniita barazani. Mwenye shamba alikuwa amekaa pale anakunywa chai. Chupa za upande uliofyekwa zilijaa viluwiluwi, na za kwenye kivuli zilikuwa karibu tupu.

"Wewe nachanganya chupa," memsaab akasema. "Hii ya juu, wewe naandika ya chini."

"Hapana, memsaab. Mimi sijachanganya."

"Mbu napenda kichaka. Kila mtu najua."

Mwenye shamba akasema kama nimeshindwa na kazi ndogo namna hiyo, nifungashe vyangu niondoke siku hiyohiyo. Nyumba niliyolala na mke wangu na watoto watatu ilikuwa yake. Niliogopa, siwezi kukataa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Niitwe maskini, sawa. Niitwe mzembe? Nikachukua chupa moja iliyokuwa karibu tupu, nikaiweka mbele ya memsaab.

"Memsaab, karatasi unaweza kusema nimekosea. Na hili jani?"

Akavaa miwani. Lilikuwa jani la kangaga, lile lililochanikachanika kama kitana, linaloota penye unyevu na giza. Nikamsogezea chupa iliyojaa viluwiluwi. Shingoni ilikuwa na sangari, nyasi inayotambaa mahali pa wazi. Akatazama hii, akatazama ile, akarudi kwenye kangaga. Aliyesoma mimea ni yeye, si mimi. Alijua kangaga haliwezi jua kali, na kule kulikofyekwa halikubaki hata moja.

Akachukua kofia, tukashuka mtoni, mwenye shamba akatufuata nyuma. Safari hii memsaab alichota mwenyewe. Upande wa jua, madimbwini na hata kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, viluwiluwi vilikuwa vinacheza. Chini ya mikuyu alichota mpaka mkono ukachoka, akapata viwili tu. Kumbe mbu wale wa homa walipenda jua, na panga ndilo lililowafungulia mlango.

Wafyekaji wakaambiwa waweke mapanga chini. Mimi nilipanda kurudi nyumbani kifua mbele, na mke wangu alisema jioni ile nilikula kama bwana harusi.

Memsaab hakuniomba msamaha, wala sikuungoja. Lakini kesho yake nilipofika nilimkuta ameinama mezani na kibunda cha nyuzi, anafunga majani kwenye chupa zake mwenyewe. Fundo lake lilikuwa baya. Nikamfundisha.