Mama Mutahi na Kalamu Nyekundu

Mimi nina ugonjwa mmoja, na nitausema mapema usije ukashangaa mbele. Nikiona neno limeandikwa vibaya, damu inanichemka. Bango la kinyozi, risala ya harusi, tangazo la mnada wa mbuzi, yote nayasoma nikiwa nimekunja uso. Naitwa Wasike, kwetu ni Bungoma, na huu ni mwaka wa kumi na moja nikifundisha ngumbaru hapa Mukurweini, yaani shule ya watu wazima ambao utotoni hawakupata nafasi.

Sasa cheka. Mtu mwenye ugonjwa huo ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha watu wa miaka hamsini kushika kalamu! Kwenye mafunzo tulionywa: mtu mzima anaingia darasani na woga tele, ukimwekea wino mwekundu kwenye daftari hutamwona tena. Tumia penseli. Weka tiki alipopata, alipokosa paache mpaka wiki ijayo. Nimelifuata hilo miaka yote. Kila Jumanne na Alhamisi saa nane mchana ninakaa kwenye ukumbi wa kanisa, magoti yamenifika kidevuni kwa sababu viti ni vya watoto wa shule ya Jumapili, na ninameza makosa. Ninameza huku natabasamu.

Lakini unachokimeza lazima ukitapike mahali. Mimi nilikuwa natapika kwenye simu.

Kuna mchezo wa drafti wa kwenye simu, na wachezaji wa pande hizi za mlima tuna kundi letu humo, watu mia nne na kitu, kuanzia Karatina mpaka Chogoria. Mnacheza, mnatambiana, mnaandikiana. Hakuna anayetumia jina lake. Mimi nilijiita Kalamu Nyekundu. Mtu akiandika ovyo ninapiga picha ujumbe wake, ninauzungushia duara nyekundu kila penye kosa, ninampa alama kwa kumi, kisha ninaubandika mbele ya wote. Watu walikuwa wakiniona tu wanaandika, "Kalamu amefika, ficheni madaftari!" Na mimi, mtu mzima mwenye mke na watoto, nilikuwa nasikia raha mpaka kwenye mifupa.

Darasani mwanafunzi wangu bora alikuwa Murugi, tunayemwita Mama Mutahi kwa sababu ya mwanawe wa kwanza. Ana miaka hamsini na minne, ng'ombe wawili na migomba ya kutosha. Alizaliwa Kangari kwenye majani chai, akaacha shule darasa la pili ili achume chai na kubeba wadogo zake. Mumewe, Mwai, alikuwa mpagazi kule Naro Moru, anawabebea mizigo watu wanaopanda mlima. Siku alipokwenda Kangari kumwona shangazi yake alimwona Murugi, akaanza kumtongoza kwa Kiswahili badala ya lugha yao. Ati ndiyo ajue ameona dunia! Mama Mutahi akisimulia hapo alikuwa anacheka mpaka anafuta macho na leso.

Mwai alipenda drafti kuliko chakula. Alikuwa na ubao wake na vizibo vya soda, na jioni za mvua akikosa mtu wa kucheza naye alicheza na mkewe. Alifariki miaka mitatu iliyopita, kifua.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Siku ya mazishi kulikuwa na kile kijitabu cha wasifu wa marehemu, chenye picha na maneno ya kila mmoja wa familia. Maneno ya mjane yaliandikwa na mpwa wa marehemu, Kim, anayefanya kazi ofisini Nyeri mjini. Aliyaandika kwa Kiingereza, kizuri sana, na akayasoma yeye mwenyewe.

"Mwalimu, nilikaa pale mbele," Mama Mutahi aliniambia siku aliyokuja kujiandikisha. "Watu wanalia kwa sababu ya maneno yangu na mimi sijui ni gani. Jioni nikamuuliza, Kim, mimi nilisema nini?"

Basi alikuja ngumbaru kwa kitu kimoja tu. Mwezi wa nane familia ingemfanyia Mwai ibada ya kumbukumbu na kumwekea msalaba wa mawe, na siku hiyo yeye alitaka asimame asome maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika kwa mkono wake. Kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho Mwai alichomtongozea. Miezi saba hakukosa hata siku moja. Alikuja na mvua, alikuja na homa, siku moja alikuja na ndama mgonjwa akamfunga nje ya kanisa. Kila wiki alinipa daftari lake na mimi nikaweka tiki zangu za penseli.

Jumapili moja mwezi wa sita, baada ya chakula cha mchana, nilifungua simu nikakutana na mchezaji mgeni, Kangari 12. Picha yake ilikuwa ng'ombe. Nikajisemea, haya, leo nimepata wa kumla.

Alinishinda mara tatu mfululizo. Si kunishinda tu, alinichezea kama mtoto. Ananipa kete moja, sheria inanilazimisha niile, ninaila, yeye anakula tatu na kuingia kingi, yaani mfalme. Mara ya tatu niliona mtego na bado nikaingia. Mke wangu alikuwa akipita na karai la nguo akaniuliza kwani natukana nani. Nikiwa katika hali hiyo, ujumbe ukaingia kutoka kwa Kangari 12:

"Pore rafiki. Umecesa visuri rakini una haraka ya kura."

Leo nikiusoma ninaona mtu mwema anayenipa pole na kuniambia nina haraka ya kula kete. Siku ile niliona dharau. Kushindwa na mtu asiyejua kuandika "pole"! Ningekuwa na akili ningejiuliza ni nani, lakini nusu ya darasa langu huandika hivyo hivyo, r mahali pa l, kwa hiyo macho yangu yalikwisha kuzoea, na nilimchukulia ni kijana fulani mvivu wa huko kwenye chai. Nikazungusha duara zangu nyekundu. Nikaandika: "1/10. Hiyo moja ni ya kununua kalamu. Anayemjua mzazi wake amrudishe chekechea."

Kundi zima likalipuka. Vicheko themanini na sita, nilivihesabu. Mmoja akaandika, "Huyo hata chekechea watamkataa, mpelekeni ngumbaru!" Na mimi, mwalimu wa ngumbaru, niliyelipa ada ya wanangu kwa mshahara wa ngumbaru, nikaweka kicheko chini yake.

Jumanne Mama Mutahi hakuja. Nikasema ng'ombe. Alhamisi hakuja. Jumanne iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu tena, na zilikuwa zimebaki wiki tano ibada ifike. Nikachukua boda boda mpaka kwake.

Alinipokea vizuri, akanikaribisha chai ya maziwa mazito, akaniuliza habari za mke wangu. Nilipomuuliza habari za shule akaangalia nje.

"Mwalimu, mimi nimewacha. Nimempigia Kim simu, yeye ndiye ataandika."

"Aka! Mama Mutahi, umebakisha ukurasa mmoja. Nani amekuudhi?"

"Hakuna mtu ameniudhi. Nimeambiwa ukweli tu." Akatoa simu mfukoni mwa aproni. "Mutahi alinipatia hii, akaniwekea drafti ya kucheza kama namkumbuka baba yake. Siku moja nikasema wacha niandike, si sasa najua. Nilikuwa sijawahi kuandikia mtu. Angalia."

Akanipa simu. Nikaziona duara zangu.

Sijui nikuelezeje. Ujumbe wa kwanza kabisa katika maisha yake. Na aliniandikia mimi.

"Huyu Kalamu Nyekundu ni mtu amesoma sana," akaendelea polepole, wala hakuwa na hasira. "Wewe uko na huruma, unanipatia tiki. Ni kazi yako, sikulaumu. Lakini huyu hanijui, hana haja ya kunidanganya. Kama ni moja kwa kumi, ni moja kwa kumi. Sitasimama mbele ya watu wa kanisa na moja kwa kumi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Watu wa mitandao ni wajinga, usiwasikize." Mwoga mkubwa wee! Nikamaliza chai, nikaaga. Alinisindikiza mpaka langoni, akanipa daftari lake.

"Nimejisahihisha, ili usichoke," akasema.

Nilifika karibu na barabara ndipo nikalifungua. Alikuwa amenunua biki nyekundu dukani. Kuanzia ukurasa wa kwanza, miezi saba yote, alikuwa amezungushia duara kila neno aliloliona na shaka, pamoja na yale yaliyokuwa sawa, juu ya tiki zangu za penseli. Kila ukurasa, pembeni, 1/10. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na maneno ya Mwai, na mstari mmoja nitausema kama nilivyousoma: "Mwai arikua anaona nikiiba kete na ananyamasa." Nao umezungushiwa wote.

Nililia, sifichi. Mtu wa boda boda aliniuliza kama nimefiwa. Nikageuka nikarudi kwa miguu, haraka, kwa sababu nilijijua nikipunguza mwendo nitaghairi. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Mama Mutahi. Kalamu Nyekundu ni mimi."

Alidhani namtania. Nikatoa simu yangu nikamwonyesha jina, nikamwonyesha michezo mitatu aliyonishinda, na ule ujumbe wake wa pole. Alisoma polepole kama anavyosoma, kidole chini ya kila neno. Kisha akaweka panga chini.

"Wewe?"

"Ni mimi. Nilikasirika kwa kushindwa. Sikujua ni wewe. Nisamehe, haki ya Mungu sikujua ni wewe."

"Najua hukujua," akasema. "Nilikuwa naona hiyo alama ni afadhali, kwa sababu ni mtu hanijui."

Nikaanza kumweleza. Kwamba alama zile ni upuuzi wa mtu mwenye kiburi. Kwamba tiki za penseli ndizo za kweli, kila moja, na ule mstari wa kete mimi mwalimu mzima sijawahi kuandika kitu kizuri hivyo. Nilisema mengi. Aliniacha nimalize, kwa sababu ni mtu wa heshima.

"Ya penseli uliandika ukiniangalia kwa uso," akasema. "Ya nyekundu uliandika ukiwa huoni mtu. Sasa mwalimu, mtu husema ukweli wapi?"

Nilisimama pale kwenye majani na lile daftari kwapani, mtu ninayelipwa kwa kuwa na majibu. Akaokota panga lake akaendelea na kazi.

Jioni hiyo hiyo niliifuta ile picha na kuandika kwenye kundi, na jina langu halisi chini yake, kwamba nimemkosea mtu na ninaomba radhi. Walidhani ni mzaha mpya. Mmoja akanisahihisha koma. Nikalifunga lile jina la Kalamu Nyekundu siku hiyo, nikafungua lingine, Wasike tu.

Ibada ilifika. Nilikaa viti vya nyuma, vilivyopangwa karibu na kaburi. Msalaba wa Mwai ulikuwa mzuri, mawe yamechongwa vizuri, na juu yake mtu wa familia alikuwa ameweka ule ubao wake wa drafti. Wakati wa maneno ya mjane nilishika kiti cha mbele yangu kwa nguvu. Kim akasimama na karatasi yake. Alisoma kwa Kiingereza, sauti nzuri, kwamba Mwai alikuwa nguzo na taa na sijui nini tena, na watu wakatoa vitambaa. Mama Mutahi alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani, anamwangalia Kim kama mgeni anayesikiliza habari za watu wengine. Kete iliyoibwa haikutajwa.

Tulipopanga foleni kumpa mkono, aliushika wangu kama alivyoshika wa kila mtu. "Asante kwa kukuja, mwalimu," akasema.

Ngumbaru hajarudi. Daftari lake liko kwangu, kwenye kabati la sahani, na mke wangu ameniuliza mara mbili kwa nini silirudishi. Nitamrudishia nini? Penseli ningeifuta. Wino ule haufutiki.

Lakini drafti anacheza. Siku nyingi saa kumi hivi, akishakamua, Kangari 12 ananialika, na anajua ni mimi kwa sababu jina langu liko pale. Mara ya kwanza moyo ulinipasuka kwa furaha, nikafikiri nimesamehewa. Sijui. Anacheza tu. Hajaandika neno hata moja, si kwangu, si kwa mtu yeyote katika lile kundi, nimetafuta.

Jana alinipa kete moja, nikaila nikijua, akala tatu. Nikamwandikia, "Umecheza vizuri, Mama Mutahi." Nikakaa na simu mkononi. Ikaonyesha ameusoma. Kisha akabonyeza mchezo mpya.