Majibu Aliyoyaleta Mume Wangu

Mwezi wa mwisho wa mimba yangu ya kwanza macho yaligeuka manjano, na hospitalini Kibaha wakanitoa damu ipelekwe Dar es Salaam kupimwa. Majibu yalirudi mtoto akiwa na wiki mbili. Mimi nilikuwa bado ndani, arobaini haijaisha, kwa hiyo aliyetoka Dutumi kwenda kuyachukua ni mume wangu.

Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Wamesema una homa ya ini. Imo kwenye damu."

"Na kunyonyesha je?"

Hilo hakuliuliza. Nesi aliyempa karatasi alikuwa mtu mzima, rika la mama yangu mzazi, na mume wangu aliona haya kumtamkia habari za matiti ya mkewe. Safari yote ile, swali lenyewe moja tu, na akarudi nalo nyumbani vilevile. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Basi nikaamua mwenyewe. Kama ugonjwa umo kwenye damu, nilijiambia, maziwa yatakosaje kuwa nao? Nikaacha kunyonyesha. Miaka ile duka la kijiji lilikuwa halina hata sabuni, sembuse maziwa ya kopo. Mama mkwe akawa anampikia mtoto uji mwepesi na kumnywesha kwa kijiko, mimi najikamua kwenye bakuli la bati na kwenda kumwaga nyuma ya choo. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya nne hakulia tena, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mama, nakwenda mwenyewe," nilimwambia mama mkwe.

"Na arobaini?"

"Nisamehe, mama."

 Mama mkwe akavua kanga yake ya kujitanda, akanifunga nayo mtoto kifuani. Nilipanda lori la mkaa hadi Mlandizi, na kutoka hapo basi la Kibaha, kila tuta likinikumbusha kwamba sijapona.

Nesi yuleyule alisoma karatasi, akamtazama mtoto midomo iliyokauka, nami nikamweleza kwamba nimeacha kumnyonyesha.

"Nani kakwambia uache kumnyonyesha?"

"Hakuna."

"Ugonjwa unao, mwanangu, sikufichi. Lakini maziwa hayana kosa. Chuchu ikichanika ikatoa damu, lipumzishe titi hilo mpaka lipone, umpe la pili. Haya, mpe."

Nilimpa palepale kwenye benchi. Alishika, akaachia, akashika tena. Titi la kulia lilikuwa limeshaanza kukauka, la kushoto likatoa kidogo. Nililia, na ulikuwa uchovu tu. Furaha ilikuja siku nyingine.

Jioni nilimkuta mume wangu amesimama mlangoni.

"Nesi amesemaje?"

Sikuwa na nguvu za kugombana.

"Kamuulize," nikamwambia, nikampita, nikaingia ndani kunyonyesha.