Uhamisho kwa Manufaa ya Umma

Watu husema yaliyopita si ndwele. Mwasiti Shaibu akisikia maneno hayo alikuwa anasonya. Kwake yeye yaliyopita yalikuwa ndwele hasa, na aliyaugua miaka mingi kwa hiari yake.

Alizaliwa kijijini Mpapura, kwenye mikorosho na mihogo. Baba yake, Mzee Shaibu, alimsomesha kwa shida. Akaajiriwa afisa utumishi katika ofisi moja ya serikali mjini Mtwara, chini ya bwana mmoja wa Ufukoni aliyeitwa Idrisa Faraji, mtu mpole ambaye hata akikugombeza unahisi anakuomba radhi. Kazi Mwasiti aliijua. Majalada yaliyolala kwa wenzake, kwake hayakumaliza wiki. Na mdomo alikuwa nao, tusifichane. Mzembe alimwita mzembe mbele ya wageni.

Mwaka ule wa vurugu za gesi, watu wa Mtwara walipopinga gesi yao kupelekwa kwingine, ikatokea nafasi ya mkurugenzi msaidizi wizarani. Idrisa ndiye aliyepeleka jina la Mwasiti. Sasa, vyeo vya namna hiyo mtu hapewi kwa vyeti peke yake. Kuna upekuzi. Hutumwa watu kimyakimya mpaka kwenu ulikozaliwa, wakauliza ndugu na majirani tabia zako, kisha wakarudi na waliyoyasikia. Wewe huambiwi walikuja lini wala waliambiwa nini. Mwasiti alikuwa ameshashona suti mbili na kuaga nusu ya mji.

Jina likarudi. Hakupita upekuzi, basi, hakuna la ziada. Kiti akakikalia Innocent mmoja ambaye barua ya mistari mitatu ilikuwa inamtoa jasho.

Lo, aibu ile! Waliokuwa wanamwita mheshimiwa kwa utani wakaanza kunyamaza akiingia. Jioni Idrisa akamfuata nyumbani kumpa pole, na mkungu wa ndizi mkononi. Mwasiti akamtazama alivyoinamisha uso, akasema moyoni: kumbe ni wewe. Aliyepeleka jina langu ndiye aliyelichafua, na sasa amekuja kuona nilivyovunjika. Ushahidi hakuwa nao, na hakuutafuta. Mtu akishaumia hivyo hupenda awe na wa kumchukia, na Idrisa alikuwa karibu. Zile ndizi aliwapa mbuzi wa jirani.

Kuanzia hapo alipanda cheo kwa hasira, si kwa baraka. Akaenda kusoma shahada ya pili, akahamia wizarani, serikali ilipohamia Dodoma akahama nayo. Akavumilia kukaimu, yaani kufanya kazi ya mkubwa bila cheo cha mkubwa, chini ya watu aliowazidi akili. Safari hii upekuzi uliulizia kwa majirani zake wa Dodoma, akapita bila kikwazo. Akawa Mkurugenzi wa Utumishi. Siku ya kwanza kitini, kabla hata chai haijaletwa, aliagiza jalada la Idrisa Faraji.

Wafanyakazi wa serikali wanaijua kauli moja ambayo haina rufaa: umehamishwa kwa manufaa ya umma. Umma wenyewe hauna habari. Idrisa, mtu wa pwani aliyebakiza miaka michache astaafu, akahamishiwa Kibondo, mpaka wa Burundi, upande wa pili wa nchi. Mwasiti alisaini kwa wino wa bluu, na usiku ule alilala usingizi mtamu kuliko wa harusi yake.

Haikupita muda mke wa Idrisa, Sabra, akaanza kuumwa figo. Idrisa akaomba arudishwe Mtwara amuuguze. Haikukubaliwa. Akaomba tena. Haikukubaliwa. Mwishowe akapiga simu mwenyewe.

"Mama, nakuomba. Mke wangu yuko katika hali mbaya."

"Bwana Idrisa, mwaka ule wa upekuzi wewe uliniuza. Vumilia, na mimi nilivumilia."

"Wallahi sikusema baya lolote juu yako! Nilikusifu mpaka—"

Akamkatia simu. Alijisikia vizuri, niseme ukweli. Alijisikia vizuri sana.

Sabra alifariki mume wake akiwa njiani, amedandia mabasi bila ruhusa. Kibondo na Mtwara si pua na mdomo, na maiti ya Kiislamu haingojeshwi. Idrisa alipofika, ndugu walikuwa wameshamzika kule Mtawanya, na akapokelewa na udongo mbichi. Mwasiti alipopata habari ofisini alisema inna lillahi, akaomba aongezewe sukari kwenye chai.

Idrisa akastaafu kimya, akarudi Ufukoni. Mwaka jana Mwasiti akateuliwa Naibu Katibu Mkuu. Akaapishwa, televisheni ikaonyesha, Mpapura ikapiga vigelegele. Ndugu wakaandaa dua ya shukrani: turubai, pilau, mashehe. Na mgeni aliyemtaka kuliko wote alimwalika kwa kumtuma dereva na kadi mpaka mlangoni. Alitaka Idrisa akae mkekani pake, ale wali wake, aone.

Idrisa akaja. Amekonda, kanzu inamning'inia. Akakaa ukingoni, akaitikia dua kama watu wengine.

Baada ya kula, mama mdogo wa Mwasiti, Bi Hawa, akasimama. Bibi mwenye maneno huyu, ukimpa nafasi ya salamu atakupa historia.

"Mwanangu, leo umekuwa mkubwa, hakuna wa kukugusa, basi nikwambie. Baba yako Shaibu, Mungu amrehemu, alitukataza tusiseme, usije ukaingiwa na hofu kazini. Mwaka ule wa gesi, watu wanakamatwa mjini, walikuja hapa vijana wawili, suruali zimenyooka. Mwasiti Shaibu tabia yake ikoje? Marafiki zake ni kina nani? Nikasema weee! Mtoto anatafutwa huyu!"

Watu wakaanza kucheka.

"Nikawaambia, huyo? Huyo hamnazo tangu utotoni! Tulimpa mbuzi achunge, akarudi na kamba. Mvivu, msahaulifu, hakuna mkubwa anayeweza kumwambia jambo la siri. Nikazunguka nyumba hadi nyumba, semeni hivyo hivyo. Na Shaibu naye akawaapia kwamba mtoto wake ni mjinga. Wakaandika, wakaenda zao, hawakurudi. Nikasema alhamdulillahi, mtoto amepona!"

Turubai zima likaangua kicheko. Mashehe wakapangusa machozi. Mwasiti alikuwa anamtafuta Idrisa kwa macho.

Idrisa hakucheka. Alinawa mikono polepole, akavaa makubadhi, akatoka.

Mwasiti akamkimbilia, Naibu Katibu Mkuu mzima, viatu kaviacha kando ya mkeka. Akamkuta barabarani anasubiri bodaboda. Akapiga magoti kwenye mchanga.

"Bwana Idrisa, nisamehe. Sikujua. Wallahi sikujua."

"Nilikwambia kwenye simu."

"Uliniambia. Nisamehe."

 Idrisa hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Mwasiti kuliko matusi.

"Kibondo, na kudhalilishwa uzeeni, hayo ni yangu," alisema. "Nimekusamehe duniani na akhera, sitakudai. Lakini Sabra alikata roho akiniita. Ndugu walikuwa wanamdanganya kwamba niko mlangoni, naingia. Haki hiyo ni yake, mama. Mimi siwezi kuisamehe kwa niaba yake hata nikitaka."

"Nifanye nini, basi?"

"Kamwombe mwenyewe. Yuko Mtawanya."

Bodaboda ikasimama. Idrisa akakusanya kanzu yake, akapanda, wakaondoka. Nyuma, Bi Hawa alikuwa anaita kwamba shehe anataka kufunga dua na mwenye shughuli haonekani. Mwasiti alisikia, lakini hakuinuka mchangani.