Mwalimu wa Kiti cha Kushoto

Siku ya soko, mbele ya Kiirua nzima, nilisimamisha gari katikati ya barabara, nikatoka, nikazunguka upande wa kushoto, nikafungua mlango na kukiambia kiti kitupu: "Shuka! Shuka sasa hivi, mzee! Nimechoka na wewe!"

Haya mambo yalitendeka. Wewe cheka tu. Akina mama waliokuwa wakiuza viazi siku hiyo wako pale pale, nenda uwaulize. Wao waliona mwanamke akigombana na kiti. Mimi nilikuwa namwona mtu mzima, koti la kahawia, kofia ya sufu, kitabu kidogo juu ya goti, akiniangalia kama mtu aliyezoea kupigiwa kelele na wanafunzi. Hakushuka. Alisema tu, "Hujavuta handibreki."

Na kweli. Gari lilikuwa limeanza kuteremka polepole na msichana wangu Makena amelala kiti cha nyuma. Nilijirusha ndani kwa mlango huo huo nikaivuta. Hapo ndipo machozi ya hasira yaliponitoka. Unajua kwa nini? Kwa sababu mzee alikuwa amesema ukweli tena.

Wacha nianzie mwanzo.

Gari ni la Kijapani, la spoti, jekundu, milango miwili, limetengenezwa kabla sijazaliwa. Taa zake za mbele zimejificha ndani ya boneti. Ukibonyeza swichi zinainuka kama chura aliyeamshwa usingizini. Kwenye kioo cha nyuma kuna kibandiko cha Kijapani ambacho hakuna mtu Meru hii amewahi kunisomea. Nililipata Embu kwa mjane mmoja, Mama Wanja. Lilikuwa limekaa miaka minane chini ya turubai, kuku wakitaga mayai kwenye kiti cha nyuma. Fundi alihangaika nalo mpaka akataka kuacha kazi. Siku lilipowaka, ile sauti niliisikia ndani ya mbavu. Nilipiga kelele kama mtu aliyeona bwana arusi.

Mume wangu, Baba Makena, ni mwalimu wa shule ya msingi kule Ruiri, mtu wa maneno machache. Alilizunguka mara mbili akauliza, "Na viazi vitakaa wapi?" Mama yake hakuzunguka hata mara moja. Alisema mama wa mtoto hawezi kuendesha gari la vijana wa disko, akaingia jikoni.

Sikujali. Mimi ni msimamizi wa wafungaji maua katika shamba moja la Timau, na kutoka Kiirua kwenda huko asubuhi ni baridi na ukungu mpaka unaona pua yako tu. Miaka minne nilikuwa nimesafiri kwa miguu na kwa kubebwa nyuma ya trakta. Sasa nilikuwa na gari langu, lenye hita inayofanya kazi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Leseni ninayo, lakini kuendesha sikuwa najua. Wengi wenu mnajua ninachosema, msijifanye. Katika shule niliyosomea udereva, tulisukuma vigari vya plastiki juu ya ule ubao wenye mji uliochorwa, tukazunguka uwanja mara moja kwa gia ya kwanza, basi, tukaitwa madereva. Gari la kwanza kuniuliza kama ninajua kweli ni hili jekundu.

Asubuhi ya tatu, kabla tu ya Timau, ukungu ukiwa mzito, niliona mzee amesimama kando ya barabara. Hakuinua mkono kuomba lifti. Alikuwa anatazama magurudumu. Nikampita. Kufumba na kufumbua nikasikia mshipi wa kiti cha kushoto ukijifunga, ka!, na harufu ya pipi za minti ikajaa gari. Mlango haukufunguliwa, niamini. Nilikuwa nakimbia kilomita sitini kwa saa.

"Rekebisha kioo," akasema. "Unaangalia paji la uso wako."

Ningepiga nduru, lakini nilikuwa nimeshika usukani. Nilimwangalia miguu kwanza, si ndivyo tulivyofundishwa na wakubwa? Miguu ilikuwa ya kawaida, viatu vimepigwa rangi vizuri. Lakini mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu mahali ambapo hakuna kitu. Na alipokanyaga, gari langu lilishika breki.

Ndipo nikaelewa. Kwenye magari ya shule za udereva, mwalimu ana breki yake upande wa kushoto. Huyu alikuja na mguu wake, breki akaiacha huko alikotoka, na bado ilifanya kazi.

Tulipofika kwenye lango la shamba hakuwepo. Kiti kilikuwa baridi kama kiti kingine chochote. Niliingia kazini nikafunga maua siku nzima bila kuhesabu vizuri, wasichana ninaowasimamia wakidhani nina mimba nyingine.

Akawa anakuja. Si kila siku, lakini ukungu ukishuka tu, najua nina abiria. "Klachi si ngazi, usiisimamie." "Usikumbatie usukani, si mtoto wako." "Huyo mwenye punda umemwona? Basi muoneshe kwamba umemwona." Mwanzoni nilikuwa nafanya tu alivyosema. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa najibu. Unaweza kumwogopa marehemu kwa muda gani ikiwa kila siku anakuambia umesahau indiketa? Nilimwambia na mimi nimezaa, nimefiwa, nimesimamia watu ishirini, hawezi kuniambia kitu kuhusu indiketa. Akasema, "Sawa. Lakini iweke."

Makena alikuwa anamwona pia. Hana hata miaka mitatu, angedanganya kwa faida gani? Alikuwa anamwita Babu. Siku mzee akinigombeza, mtoto anacheka mpaka anapata kwikwi. Nami, nisiwafiche, nilikuwa nimeanza kufurahia. Kona ya mwisho kabla ya Timau nilikuwa naiingia kwa gia ya tatu, injini inaimba, gari limelala barabarani kama paka. Hakuna siku katika maisha yangu nilikuwa nimejiona mtu mwenye ujuzi kama asubuhi hizo.

Sasa siku ya soko akanishikia breki katikati ya watu, bila sababu, nilivyoona mimi. Gunia la viazi likaruka kutoka nyuma likanigonga kisogo. Ndipo nikamfukuza mbele ya Kiirua nzima kama nilivyosema. Baadaye niliambiwa kulikuwa na mbuzi mdogo mbele ya tairi. Lakini hilo nililijua baadaye.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Jioni hiyo akina mama wa kanisa walikuja wakiongozwa na mama mkwe, wakapaka kioo cha mbele mafuta ya maombi. Nyinyi mnaoendesha mnajua mafuta na kioo. Niliwasha waipa, kikawa cheupe kama maziwa. Baba Makena akatikisa kichwa. Mama mkwe akatoa hukumu: gari lina mtu ndani, na aliyeliuza anajua ni nani. Kesho yake lirudishwe Embu kwa mwenyewe, na yeye atakuja kushuhudia likirudi. Nilimwangalia mume wangu anitetee. Alisema, "Labda ni vizuri, Mama Makena." Usiku huo sikulala. Nilikuwa napoteza kitu cha kwanza ambacho ni changu mimi, nilichokipenda bila kumwomba mtu ruhusa.

Asubuhi mama mkwe akaingia na kitenge chake kizuri, akakaa kiti cha kushoto. Fikiria! Nilifunga macho nikingoja amkalie mzee. Halafu nikasikia pipi za minti kutoka nyuma. Nikaangalia kwenye kioo, kile alichonifundisha kurekebisha. Mwalimu alikuwa amejikunja kando ya kiti cha Makena, magoti yamefika kidevuni, kofia mkononi. Kiti cha nyuma cha gari hilo hakifai mtu mzima, hata aliyekufa.

Kutoka Meru mjini hadi Embu barabara ni kona na mabonde, unashuka mtoni na kupanda tena. Mama mkwe alianza kwa kushika mlango na kuomba. Tulipofika Nkubu aliacha kuomba. Tulipopita Chogoria watoto wa shule walitupungia mkono, nikainua taa zile za mbele kuwasalimu. Wakaruka, wakapiga makofi. Mama mkwe akageuka kuwaangalia.

"Hebu zifanye tena," akasema.

Nikafanya. Akacheka! Mimi nimeolewa miaka mitano, na kicheko hicho sikuwa nakijua. Baada ya Chuka alikuwa ndiye anaamua nani apungiwe. "Wale, wale wa majani chai! Ziinue!"

Halafu tukaingia kona moja ya kuteremka, na mbele yetu lori la mchanga likawa linapita lori lingine. Lilikuwa upande wetu. Hakukuwa na nafasi, nakwambia. Nilingoja ule mguu. Nilingoja breki ya mzee kwa mwili wangu wote, na breki haikuja.

Ikabidi iwe mimi. Gia ya tatu, gia ya pili, usukani kwa vidole si kwa kukumbatia, gurudumu la kushoto likashuka kwenye changarawe, gari likatetemeka, nikalishika, sikukanyaga klachi kama ngazi. Lori likapita na upepo wake na honi yake. Tukarudi kwenye lami. Makena akasema, "Tena!"

Na kutoka nyuma sauti ya mwanamume ikasema, "Vizuri."

Mama mkwe akashika mlango tena. Kisha akauliza bila kugeuka, "Nani amesema vizuri?"

"Mwalimu, Mama."

Tukafika Runyenjes. Hapo ndipo akajigeuza na kitenge chake chote, akaangalia nyuma mahali ambapo yeye haoni mtu, akasema kwa heshima, "Asante, Mwalimu. Lakini endelea kukaa huko huko nyuma."

Mama Wanja alitupokea na chai. Nilimweleza yote, nimekasirika, nimechoka, nikamwambia mume wake marehemu amenisumbua miezi mitatu. Hakushtuka. Aliuliza kama ana pipi za minti. Kisha akaenda kwenye gari, akafungua kidroo cha dashibodi, akatoa kadi ya mwanafunzi wa udereva, ile yenye visanduku ishirini ambavyo mwalimu hutia sahihi kila somo likiisha. Kidroo hicho mimi huweka nepi ndani. Hiyo kadi haikuwepo.

Juu iliandikwa jina langu, majina yote matatu. Chini, sahihi kumi na tisa kwa kalamu ya bluu. Mama Wanja aligusa mkia wa ile herufi ya mwisho na kidole.

"Ni yake," akasema. "Njagi alifundisha watu wa Embu miaka thelathini. Hili gari hakulifundishia mtu, alilipenda mno. Wewe ndiye wa kwanza."

Nikauliza kuhusu la ishirini. Akacheka na kupangusa macho kwa pamoja. Akasema somo la ishirini Mwalimu alikuwa anashuka. Anasimama kando ya barabara, anamwambia mwanafunzi nenda peke yako mpaka pale na urudi. Ukirudi, anatia sahihi.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Basi gari hatulirudishi," akasema, kana kwamba sisi ndio tuliotaka kulirudisha. "Mtoto wa watu hajamaliza shule."

Tulipokuwa tunatoka pale kwenye geti, Makena alipunga mkono kwenye kioo cha nyuma. "Babu ameshuka," akasema.

Tangu siku hiyo ukungu unakuja, yeye haji. Naendesha vizuri, kila mtu anasema. Mama mkwe sasa ndiye ananitafuta Jumapili nimpeleke kanisani, na tukifika anataka taa ziinuliwe mara mbili ili akina mama wa maombi waone. Nimekuwa na furaha ambayo sikuitarajia. Lakini kila Ijumaa nafungua kile kidroo, na kile kisanduku cha ishirini bado ni kitupu. Mimi nilienda, nikarudi mpaka nyumbani. Mbona hakutia sahihi? Miezi saba nimengoja, na mimi si mtu wa kungoja.

Kwa hivyo wewe unayetaka kununua gari la zamani, usiulize injini peke yake. Uliza nani alikuwa anakaa kiti cha kushoto. Na ukimkuta, usimfukuze mbele ya watu, utakuja kumtafuta.

Wiki jana nilishuka Embu na barua ya malalamiko, mpaka ofisi ya shule ya udereva alikofundisha Mwalimu. Msichana wa mapokezi aliuliza kama huyo mwalimu bado yuko kazini. Nikamwambia alikufa. Akauliza, sasa malalamiko ni ya nini? Nikamwambia amekufa au hajafa, kazi haijaisha. Alisoma, akaniangalia, akapiga muhuri. Nakala ninayo kwenye kidroo, juu ya nepi. Inasema hivi:

*Kwa Mkurugenzi.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU NJAGI*

*Mimi ni mwanafunzi wake. Alinifundisha masomo kumi na tisa bila kuombwa, kwa maneno makali, na mara kadhaa alinishikia breki mbele ya watu. Hayo nimemsamehe, pamoja na lile la mbuzi, ambalo kosa lilikuwa langu.*

*Nalalamika kwamba somo la ishirini nimelifanya, Embu hadi Kiirua, nikiwa na mtoto na mama mkwe, bila kuzima injini hata mara moja, na mwalimu hakuwepo mahali pa kunipokea. Naomba aelekezwe kuja kutia sahihi. Anajua gari. Kila asubuhi ya ukungu nitapunguza mwendo kabla ya Timau, na indiketa nitaiweka.*