Nilivyokwenda Kushuhudia Nimevaa Baibui

Chekeni tu, mimi mwenyewe nshacheka mpaka nimechoka, ingawa siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kanisa letu lilifanya semina kule Mbweni, mwalimu akatuagiza kila mmoja akamshuhudie jirani yake wa karibu kabisa habari za Yesu, tena tusimkwaze mtu kwa mavazi. Jirani yangu ni Bi Zuwena, mlango kwa mlango hapa Mkunazini, aliyenilelea mwanangu tangu mchanga, na kwa kweli niliogopa: nikikosea maneno nitampoteza huyu aliye kama mama yangu, nikinyamaza nitakuwa nimemwonea haya Yesu. Basi nikaona nivae baibui na mtandio, nijistiri sawasawa, aone namheshimu (ndiyo akili niliyokuwa nayo, msinitazame hivyo).

Ijumaa alasiri nikabisha hodi.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama juu mpaka chini. "Mbona umependeza hivyo?"

"Nimekuja tuzungumze habari za Mungu. Moyo wangu hautulii mpaka nikwambie."

Sikumaliza. Alipiga kigelegele, akanikumbatia huku analia, "Alhamdulillahi! Miaka yote nnakuombea dua!", na kabla sijafumbua mdomo keshatoa kichwa dirishani anawaita majirani, njooni, Stella anasilimu! Wakajaa ukumbini, mmoja na sahani ya visheti, mwingine akawasha udi nikafukizwa, wa tatu akanichagulia jina la Rahma, nami nimekaa katikati kama bibi harusi, natafuna na kutabasamu, maana ningesemaje na yule mama analia kwa furaha?

Mara nikasikia sheikh keshapigiwa simu, yuko njiani. Nikakirudisha kisheti sahanini.

"Bi Zuwena, nisamehe. Mie bado Mkristo. Nilikuja kukuita wewe."

Akalitazama tena lile baibui langu, juu mpaka chini.

"Mimi?" akauliza. "Umevaa baibui uje kunibatiza mimi?"

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, na wenziwe wakaangua kicheko, na yule wa visheti akadai nivirudishe. Sheikh akapigiwa tena asije.

Walipotawanyika nikainuka niondoke, macho chini kwa haya. Bi Zuwena akanishika mkono.

"Kaa. Hujanambia ulichokuja kunambia."

Jamani, semina nzima ilikuwa ishanitoka kichwani! Nikamweleza tu vile nilivyomlilia Yesu, mume wangu alipofariki, mpaka nikapata nguvu ya kuamka na kumpikia mtoto uji. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

"Nshakusikia," akasema, akijifuta machozi. "Na mie dua yangu siachi."

Nikamwambia hata mimi yangu siachi, akanimiminia chai.

Kushuhudia nitaendelea, msidhani nimekoma. Ila siku nyingine nalisema neno lote palepale mlangoni, kabla hajatokea mtu wa kunipigia kigelegele.